Risasi za .22: yenye mbio kubwa sio lazima ndo yenye shabaha

Shemeji yangu yuko Texas, kanunua bunduki yake ya kwanza ya .22, yaani yenye mtutu wa kipenyo cha inchi 0.22 hivi, ile ya kukoki kwa mkono, ya kupigia makopo na karatasi za shabaha wikiendi. Akaenda dukani, akasimama mbele ya ukuta mzima wa maboksi, akapiga picha akanitumia na swali moja tu: "Shem, ipi kali hapo?" Boksi moja limeandikwa futi 1,640 kwa sekunde, jingine 1,235, jingine 1,070, na moja dogo pembeni kabisa 710. Kidole chake kilishaonekana kwenye picha, kimegusa ile ya 1,640. Nikamwambia rudisha, chukua ya 1,070. Akadhani namtania. Nikamtumia voisi ya dakika nane, na kwa kuwa alisikiliza dakika mbili tu, acha niiandike hapa yote.

Kwanza tuelewane maneno, maana Kiswahili hapa kinatubana. Risasi kwetu ni ile metali nzito ya kijivu, na risasi ni kile kitu kinachotoka kwenye bunduki, na risasi ni pia mzigo mzima na ganda lake kabla hujapiga. Kwa hiyo kwenye hii makala nikisema risasi namaanisha kitu kizima kilivyo kwenye boksi, na kile kinachoruka nitakiita kichwa. Vichwa vingi vya .22 kweli ni vya risasi, yaani ile metali, vingine vimepakwa shaba nyembamba juu.

Sasa hizi .22 zinaitwa rimfaya kwa sababu fataki yake, ile dawa inayowasha baruti, haiko katikati ya kitako kama risasi kubwa, imefichwa ndani ya ule ukingo unaozunguka kitako cha ganda. Kiwandani wanadondosha tone la dawa ya fataki ikiwa bado mbichi ndani ya ganda, afu wanalizungusha kwa kasi ili ile dawa itambae iingie kwenye ukingo pande zote, ikikauka ndo wanaweka baruti na kichwa. Pini ya bunduki inakuja inabinya ukingo, dawa inalipuka, baruti inawaka. Ujanja huu ni wa zamani sana, Smith & Wesson walitoa .22 Short mwaka 1857, na hii .22 Long Rifle tunayoizungumzia hapa ilikuja 1887 na mpaka leo ndo risasi maarufu kuliko zote duniani. Ila shikilia hiyo picha ya tone la dawa linalozungushwa, maana likitambaa vibaya, upande mmoja dawa nyingi upande mwingine kidogo, risasi hiyo haitawaka sawa na mwenzake. Na baruti yenyewe ni kiduchu mno, haifiki hata robo ya gramu, kwa hiyo kosa dogo tu linaonekana.

Ukirahisisha, .22 Long Rifle ziko kwenye ngazi kama nne hivi. Chini kabisa kuna zile za kimya kimya, mfano Quiet-22 ya kampuni ya CCI, kichwa cha greni 40 (greni 40 ni kama gramu 2.6) kinatoka kwa mita 216 tu kwa sekunde. Juu yake kuna za kawaida pamoja na za mashindano, kati ya mita 320 na 335, hapo ndo ilipo CCI Standard yenye 326 (ile 1,070 ya boksini), na ndo walipojazana Wajerumani, Wafini na Waingereza wote wa bei mbaya, Lapua, RWS, SK, Eley. Kisha za kasi, kama Mini-Mag, mita 376. Afu juu kabisa za kasi kupindukia, na babu yao ni CCI Stinger ya miaka ya 1970, ambayo wao walipunguza kichwa mpaka greni 32 wakaongeza baruti wakafika mita 500 kwa sekunde. Hiyo ndo 1,640 ya shemeji.

Umeona kitu cha ajabu hapo? Risasi za bei kubwa kuliko zote, zile mtu wa Olimpiki anazosafiri nazo kama mtoto mchanga, ziko ngazi ya pili kutoka chini. Mtu anayeshindania medali angeweza kununua mbio zaidi kwa bei chee, na hanunui. Hapo ndo pa kuanzia.

Sababu ya kwanza ni sauti. Sauti inasafiri hewani kwa mita kama 340 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 15. Kichwa kikienda mbio kuliko hapo kinasukuma wimbi la mgandamizo mbele yake, ule mlio wa "ta!" mkali unaousikia mbali na bunduki ndo huo, na hewa inakikaba vibaya sana katika eneo hilo la karibu na kasi ya sauti. Sasa Mini-Mag inatoka na 376, iko juu ya sauti, lakini ikifika mita arobaini na kitu imeshapoozwa, inashuka inavuka ule mpaka kurudi chini, na wakati wa kuvuka inayumbishwa. Za mashindano zimetengenezwa zitoke chini ya mpaka na zibaki chini mpaka mwisho, hazivuki popote. Safari yote ni barabara ya aina moja.

Na huo mpaka wenyewe hausimami mahali pamoja, unafuata joto. Nyuzi 30, jua la Dar mchana, sauti inakimbia karibu 349. Nyuzi sifuri inashuka mpaka 331. Maana yake risasi inayotoka na mita 335 Dar iko chini ya sauti ikiwa na nafasi ya kupumua, hiyo hiyo ukiipiga kwenye asubuhi ya barafu huko Finland inaweza kutoka ikiwa juu ya sauti na kuvuka mpaka mita chache tu mbele, ingawa baridi nayo inaipunguzia baruti nguvu kwa hiyo mambo yanavutana. Wacheza bayathloni, ile ya kuteleza kwenye theluji na kupiga shabaha mita 50, wanatumia .22 tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na wana risasi zao maalumu za baridi, kwa sababu baruti inalegea na yale mafuta ya nta kwenye kichwa yanakuwa magumu. Watu wengine wanadhani ni mwinuko unaobadili kasi ya sauti, hapana, ni joto. Mwinuko unachofanya ni kupunguza uzito wa hewa, kwa hiyo Nairobi kichwa kinakabwa kidogo kuliko Mombasa, ni kitu kingine kabisa.

Sasa njoo kwenye upepo, hapa ndo shemeji alibisha kweli. Hoja yake ilikuwa hii, na kusema ukweli ina mantiki: risasi ya mbio inafika mapema, upepo unapata muda mfupi wa kuisukuma, kwa hiyo inapeperuka kidogo. Kila mtu anafikiri hivyo mara ya kwanza, hata mimi. Kumbe upepo wa pembeni haukisukumi kichwa kwa kadiri ya muda wote wa safari. Unakisukuma kwa kadiri ya muda kilichochelewa.

Twende polepole. Chukua umbali wa yadi 100, ni mita 91 na nusu hivi. Ile ya kawaida inayotoka na 326, kama kusingekuwa na hewa kabisa ingefika baada ya milisekunde 280. Kwa kuwa hewa ipo inafika kwenye 305 hivi, imechelewa 25. Ile ya kasi inayotoka na 376, bila hewa ingefika baada ya 243, lakini hewa inaikaba sana kule juu ya sauti, inafika kwenye 274, imechelewa 31. Ndio, imefika kwanza. Ila ukiilinganisha na ahadi yake yenyewe imechelewa zaidi. Zidisha ule ucheleweshaji kwa kasi ya upepo unapata imepeperushwa kiasi gani: upepo wa kilomita 16 kwa saa ni mita 4 na nusu hivi kwa sekunde, ile ya kawaida inahama kama sentimita 11, ya kasi inahama kama 14. Ya kasi imepeperuka zaidi! Hizi ni hesabu za takriban, zitabadilika kidogo kutegemea umbo la kichwa na hewa ya siku hiyo, ila mwelekeo wake haubadiliki. Nimewahi kukaa benchi moja siku ya upepo na maboksi mawili, na zile za kasi zilikuwa zinalala kulia kama nguo kwenye kamba huku za polepole zimejikusanya, na nilikuwa nazijua hesabu hizi tayari na bado nilishangaa.

Na ile ya 500? Nayo haiponi. Kichwa chepesi hakina uzito wa kupambana na hewa, kikifika yadi 100 kimeshapoteza karibu theluthi ya mbio zake, wakati ile ya kawaida imepoteza chini ya moja ya tano. Ni kama pikipiki tupu na lori lenye mzigo yakizimwa injini mlimani.

Haya, tuache upepo. Tuseme upo renji ya ndani, hakuna hata feni. Bado namba kubwa kwenye boksi haikusaidii, kwa sababu kinachotoboa matundu karibu karibu ni kufanana. Risasi zikitoka zote na mita 326, au zote na 322, hainihusu, nitarekebisha darubini basi. Shida ni hii: ya kwanza 326, ya pili 316, ya tatu 331. Kichwa cha .22 ni kizito kwa mbio zake na kinaanguka kweli kweli, kwenye mita 50 kimeshaanguka kama sentimita 12 au 13 kutoka kwenye mstari wa mtutu. Ukipunguza mita 10 kwa sekunde kinakaa hewani zaidi kidogo na kuanguka kama milimita 8 zaidi. Milimita 8 inasikika ndogo, sawa, ila duara la kumi kwenye karatasi ya Olimpiki ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4 tu. Kwa hiyo umelenga vizuri, umebana pumzi, umevuta taratibu, na risasi yenyewe inaweza kukutoa nje ya kumi kabla hujakosea chochote. Kwenye mita 100 tofauti hiyo hiyo ya mita 10 kwa sekunde inakuwa zaidi ya sentimita 3.

Za mashindano nzuri, ukipima kumi kwa kronografu (kifaa cha kupima mbio za kichwa), ya haraka kabisa na ya polepole kabisa zinaweza kuachana mita 10 au chini ya hapo. Zile za ndoo, zinazouzwa mia tano mia tano zimemwagwa kama njugu, kuachana mita 30 ni kawaida. Piga hesabu mwenyewe.

Kuna wapigaji wa mezani, wale bunduki imekaa kwenye mifuko ya mchanga, wanafanya ujanja mmoja mzuri sana. Mtutu unapopigwa unatikisika juu chini kama fimbo ya kuvulia samaki. Wao wanafunga kiuzito mdomoni mwa mtutu na kukizungusha kidogo kidogo mpaka ile mitikisiko ikae hivi, kwamba risasi ya polepole, inayochelewa kutoka, inatoka mtutu ukiwa umepanda juu kidogo kuliko ilivyotoka ya haraka. Ya polepole itaanguka zaidi njiani lakini imerushwa juu zaidi, zinakutana kwenye karatasi. Inafanya kazi kwa umbali mmoja uliouchagua tu, ukisogeza karatasi unaanza upya.

Kitu kingine ambacho boksi halikuambii ni kwamba ile namba imepimwa kwenye mtutu wa majaribio, Marekani ni inchi 24. Wako labda ni inchi 16 au 18. Na tofauti na bunduki kubwa, kwa .22 mtutu mrefu sio lazima uongeze mbio, kwa sababu baruti ni kidogo inamaliza kusukuma mapema, kwenye inchi 16 mpaka 18 hivi risasi nyingi zimeshapata karibu mbio zote zinazoweza kupata, kuanzia hapo mtutu unabaki kusugua tu na nyingine zinapungua mbio. Kwa hiyo ukilinganisha maboksi mawili kwa namba zake unalinganisha bunduki ambayo huna.

Afu kuna ndoa. Hili ndo linaudhi wageni. Risasi ile ile, boksi lile lile, bunduki mbili za aina moja zilizotoka kiwanda kimoja, moja inaipenda nyingine inaitema. Kichwa cha .22 Long Rifle ni cha mtindo wa kizamani, upana wake ni sawa na ganda, kimechongwa kisigino nyuma ndo kikaingia kwenye ganda, na nje kimepakwa nta au mafuta. Kwa hiyo kila kitu, chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) ilivyobana, mifereji ya mtutu inavyokishika kichwa, nta gani ilipita kabla, kinachangia. Wachezaji wakubwa hawanunui jina, wananunua namba ya toleo, yaani zile zilizotengenezwa pamoja kwa mashine ile na baruti ile. Lapua wana kituo pale Schönebeck Ujerumani, na Eley wanacho Birmingham, unapeleka bunduki yako, wanaifunga kwenye chuma isitikisike, wanapitisha toleo moja baada ya jingine wanakuonyesha matundu, unachagua lako unanunua maelfu. Toleo likiisha, unarudi kuposa tena.

Hiyo nta ina jambo lake. Ukibadilisha aina ya risasi, zile tano au kumi za kwanza usizihesabu, mtutu bado una nta ya jana. Nimeona mtu anapiga tano za aina hii, tano za aina ile, anaandika kwenye daftari kwa umakini kabisa, na daftari lote ni uongo.

Na hapo hapo niseme la makundi ya risasi tatu. Watu wanapenda kutuma picha, matundu matatu yamegusana, "bunduki yangu hii!" Kitakwimu tu, bunduki ile ile na risasi zile zile, kundi la kumi kwa wastani ni pana kuliko la tatu kwa zaidi ya nusu. Hakuna kilichoharibika, ni kwamba umeipa nafasi zaidi ya kuonyesha tabia yake. Piga kumi, rudia mara tatu nne, siku isiyo na upepo, afu ndo tuongee. Zile mbili "zilizokuponyoka" nazo zihesabu, ni zako.

Uzito wa kichwa nao una mipaka. Mitutu mingi ya .22 inazungusha kichwa mara moja kila inchi 16, ambayo kwa mita 326 kwa sekunde ni mizunguko kama mia nane kwa sekunde moja, na hiyo inatosha kukisimamisha kichwa cha greni 40 kiruke pua mbele. Kampuni ya Aguila wana moja ya greni 60, ndefu, nzito, inavutia sana ukiishika, ila kwenye mtutu wa kawaida mzunguko haukitoshi kichwa kirefu hivyo, kinaweza kufika kwenye karatasi kimelala ubavu, unaona tundu refu kama la funguo. Na ile Stinger ganda lake ni refu kuliko la kawaida, kwenye bunduki zenye chemba ya mashindano iliyobana wenyewe wanakataza, kwa hiyo soma boksi.

Sasa usinielewe vibaya, za kasi zina kazi zake. Bunduki za kujikoki zenyewe, Ruger 10/22 na ndugu zake, nyingi zinataka msukumo wa kutosha kurudisha bolti nyuma, ukizilisha ile ya 216 utakuwa unakoki kwa mkono kila mara. Na ukirekebisha darubini kwenye yadi 50, za kawaida zinaanguka kama sentimita 20 kwenye yadi 100, za kasi kama 15, kwa mtu anayefukuza panya buku au ngedere wa mahindi na hajui vizuri yuko umbali gani hizo sentimita ni za maana. Ila kama kweli unataka mbio na shabaha kwa pamoja, toka kwenye .22 Long Rifle kabisa. .22 Magnum ya 1959 inarusha greni 40 kwa zaidi ya mita 570. .17 HMR ambayo Hornady waliitoa 2002 ni ganda la hiyo Magnum limebanwa shingo, linarusha kijichwa cha greni 17 kwa mita 777 hivi, kimevikwa shaba, hakina kisigino wala nta, na kwenye yadi 100 hakirudi hata karibu na kasi ya sauti. Hapo mbio zinalipa. Bei yake nayo, mtajuana wenyewe.

Tena maboksi mengi ya .22 yana onyo kwamba kichwa kinaweza kufika maili moja au zaidi, yaani kilomita moja na nusu na kuendelea. Kwa hiyo makopo yawekwe mbele ya kilima cha udongo, sio mbele ya shamba la jirani ati kwa sababu ni ka-bunduki kadogo.

Shemeji mwishowe alinunua yote mawili, la 1,640 na la 1,070, mbishi yule. Jumapili akatuma picha ya karatasi mbili za yadi 50, kumi kumi, hakuandika ipi ni ipi. Moja matundu yalikuwa yanafunikwa na kifuniko cha chupa ya soda. Nyingine ungehitaji kisosi cha kahawa. Nikamuuliza "Ya kisosi ni ipi, Shem?" Tiki za bluu zikatokea, jibu hakuna mpaka jioni, ndo akaja kuuliza kama naijua bunduki ya kujikoki ya bei nzuri ambayo itakula lile boksi lililobaki.